Kikohozi cha msimu wa salfa: ni salfa kweli au tunaisingizia? Watu wa afya na mafundi magari njooni hapa

#1 BodaWaMahuta
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja maana chaji ndogo.

Mimi dereva boda huku Mahuta, Tandahimba, miaka 31, sigara sijawahi kuvuta na pombe nilishaacha (uraka hauhesabiki). Msimu wa kupuliza nakuwa na kazi mbili, saa kumi alfajiri mashine mgongoni napulizia mikorosho ya watu salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kwa malipo, jua likitoka natua mashine nashika pikipiki mpaka usiku. Sasa huu mwaka wa tatu mfululizo, ikifika mwezi wa sita kifua kinaanza, kikohozi kikavu, usiku kinabana nasikia kama kuna paka analia humo ndani. Ikifika mwezi wa kumi kinapotea chenyewe utadhani hakikuwepo. Makohozi nimepima mara mbili, sio TB. Antibayotiki nimemeza za kila rangi.

Kila mtu ananiambia salfa hiyo, na mimi nikakubali. Ila mwaka huu nimekaa nikawaza. Bro wangu mashine hashiki kabisa, anaendesha Fuso la mizigo Masasi - Mtwara, anakohoa miezi ile ile. Mama yetu hatoki jikoni, anakohoa. Halafu shemeji yangu ambaye ni mlinzi analala humohumo kwenye mikorosho, mzima kama chuma. Hii salfa inachagua watu? Au ni moshi wa magari? Mtu anajuaje kipi ni kipi?

#2 Kochoko_Mkavu
Nimeweka mkeka, kochoko mkononi, nasubiri wataalam.

#3 MzeeWaKitangari
Vijana mna mambo. Salfa mimi nimeanza kuipuliza wewe hujazaliwa, ubwiriunga ulikuwa unapiga maua yote yanakuwa kama yamemwagiwa unga wa muhogo na mwaka huo hupati kitu. Tulikuwa tunafunga kanga usoni basi. Macho yatawasha siku mbili, unanawa unaendelea. Mtu wa kukohoa miezi minne kwa sababu ya salfa simkumbuki. Sasa jiulizeni kilichoongezeka toka enzi hizo ni nini. Enzi zetu Newala ukisikia injini unajua ni gari la nani kabla hujaliona. Leo pikipiki ziko kama panzi. Jibu mnalo.

#4 Sista_wa_Zamu
Pole mdogo wangu mleta uzi. Shikamoo mzee wa #3 lakini hapo kuna kitu nitakupinga kwa heshima, wale walioanza na wewe kifua kikawashinda waliacha kupuliza mapema, wakaenda kuuza samaki au wakahamia mjini. Waliobaki mpaka leo ni nyie mliokuwa na vifua vya chuma. Ukihesabu waliobaki tu lazima utaona salfa haina shida.

Mimi nesi, sijakuona kwa hiyo sikupi jina la ugonjwa. Ila hiyo sauti ya paka usiku, kikohozi kikavu, kinakuja na msimu wa kazi na kinaondoka nao, hiyo inaweza kuwa pumu inayochokozwa na kazi, na antibayotiki haina kazi hapo hata umeze ndoo nzima. Kuna kale kadude ka plastiki ka kupuliza kanaonyesha pumzi inatoka kwa nguvu kiasi gani. Unapuliza mara nne kwa siku kwa wiki kama nne, siku za kazi na siku za kupumzika, unaandika kwenye daftari. Ukiona siku za kazi namba inaporomoka na siku za kupumzika inapanda, hapo daktari anapata pa kuanzia. Kupuliza mara moja zahanati saa tano asubuhi haisaidii, pumu saa tano asubuhi mara nyingi imelala.

#5 FundiMkuti
Mimi fundi Masasi nina miaka 19 kwenye gereji, ngoja niwaambie ukweli ambao mafundi wenzangu hawatapenda. Moshi mweusi wa dizeli unaouona mlimani maana yake dizeli haijaungua, nozeli zimechoka, chujio la hewa limejaa vumbi, au tajiri amesema nifungulie pampu ivute na fundi akafungua, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa basi yanatoka masizi. Wa buluu ni oili inaungua. Haya na hizi gari ndogo za petroli za Japani zinakuja na masega kwenye ekzosi, ya kusafishia moshi, mwenye gari anakuja anasema fundi gari nzito toa masega. Nimetoa mengi sana sikatai. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndio maana kuna watu wanayanunua kwa kupima na mizani, hamkujiuliza kwanini? Kwa hiyo boda ukikaa nyuma ya Fuso kutoka Mahuta mpaka Tandahimba mjini umevuta salfa zaidi ya hiyo ya shambani, maana hata dizeli ina salfa, salfa ni hiyo hiyo.

#6 MwlKemia_Mtama
Fundi #5 nusu ya kwanza nakupa vema zote, nusu ya pili nakutoa nje ya darasa.

Salfa ya shambani ni elementi, unga wa njano, haujaungua. Salfa ya kwenye dizeli inaungua kwenye injini inatoka dioksidi ya salfa, gesi, ile harufu inayochoma pua kama umewasha kiberiti cha zamani karibu na uso. Moja ni vumbi nyingine ni gesi, mwilini haziingii kwa mlango mmoja. Vumbi sehemu kubwa linaishia puani na kooni, na punje ndogo zake zinashuka chini. Gesi inayeyuka kwenye unyevu wa njia ya hewa inakuwa asidi, mwenye pumu anabanwa hapohapo.

Na kwa wingi tupige hesabu. Kiwango walichokubaliana nchi za Afrika Mashariki toka 2015 ni salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni kwenye dizeli. Chukua tenki la lita 100, lita moja ya dizeli ni gramu 840 hivi, jumla kilo 84. Salfa humo haizidi gramu 4.2, kama kijiko kimoja cha chai. Mfuko mmoja wa salfa ya korosho ni kilo 25. Ili Fuso litoe salfa ya mfuko mmoja linahitaji matenki karibu 6,000. Wewe boda unamaliza mifuko mingapi kwa asubuhi moja?

#7 BodaWaMahuta
@MwlKemia_Mtama siku nzuri mfuko mmoja na nusu mpaka miwili. Duh. Matenki 6,000 😳

@Sista_wa_Zamu asante dada, hako kadude nitaulizia hospitali ya Ligula nikishuka Mtwara.

#8 Njomba_Sitaki
Dawa ya salfa ni maziwa. Ukitoka shamba unapiga nusu lita ya maziwa vumbi lote linashuka. Babu yangu kafika miaka 90.

#9 Sista_wa_Zamu
Njomba maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kifuani, hizo barabara mbili zinaachana kooni. Kunywa kwa afya yako lakini usitegemee yaoshe mapafu. Yakiosha mapafu ujue umepaliwa.

#10 Kochoko_Mkavu
😂😂 Njomba amepewa namba ya kitanda.

#11 FundiMkuti
Mwalimu nimekubali hesabu, sina ugomvi na namba. Ila umenipeleka pembeni. Hiyo 50 kwa milioni ni ya kituo cha mafuta, ya kwenye madumu pembeni ya barabara nani kaipima? Halafu ubaya wa dizeli hauko kwenye salfa peke yake, uko kwenye masizi. Shirika la kansa la dunia lile la Lyon Ufaransa mwaka 2012 waliweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, kundi moja na sigara. Unga wa salfa husikii umewekwa humo. Kwa hiyo unalinganisha nini na nini?

#12 DadaWaUpanga
Habari zenu, kwetu Nachingwea ila nipo Dar nasoma afya ya jamii. Uzi mzuri sana huu, naomba niingie.

FundiMkuti uko sahihi kuhusu 2012, ila hilo kundi linasema ushahidi kwamba kitu kinaleta kansa una nguvu kiasi gani, halisemi kina ukali sawa na sigara, na mleta uzi hajauliza kansa, ameuliza kikohozi cha msimu. Ni kesi mbili.

Kuhusu salfa ya unga watu wanasema haijafanyiwa utafiti. Umefanyika, sio huku, ni California bonde la Salinas, watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley walitoa matokeo 2017. Walichukua watoto 237 wa familia za wafanyakazi wa mashambani wakaangalia salfa iliyotumika ndani ya kilomita moja toka nyumbani kwao, kule kila mkulima lazima aripoti dawa anayotumia kwa hiyo rekodi zipo. Salfa ikiongezeka mara kumi mwaka ule, uwezekano wa mtoto kutumia dawa za pumu ulipanda mara tatu na nusu, na nguvu ya pumzi ilipungua. Na hao ni watoto waliokaa karibu tu, hawakubeba mashine mgongoni. Kikubwa ni kwamba salfa inahesabika dawa salama, hata wakulima wanaolima bila kemikali za viwandani wanaruhusiwa kuitumia, ndio maana watu hawakuwa wanaiangalia.

Ila tusikimbie nayo. Huo utafiti unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hausemi kimoja kimemsukuma mwenzake.

#13 MzeeWaKitangari
Huko California wanalima korosho?

#14 DadaWaUpanga
Hapana babu, shikamoo, ni zabibu, strobeli na mboga. Ugonjwa wa unga wanao na wao.

#15 MzeeWaKitangari
Marahaba. Basi watoto wa zabibu ni watoto wa zabibu. Waje wapime Kitangari.

#16 Tajiri_wa_Mabibo
Mimi nilikuwa mpulizaji miaka saba nimeacha. Wote mnasahau kitu kimoja na mnanishangaza. Ile mashine yenyewe!! Ile mashine ya mgongoni ni injini ya petroli ya kuchanganya na oili, kama pikipiki za zamani zile za moshi mtupu. Iko wapi? Mgongoni. Ekzosi iko wapi? Sentimita chache toka sikioni. Masaa manne mpaka matano alfajiri hakuna upepo, na tunachagua muda usio na upepo makusudi ili salfa ikae kwenye maua na umande uishike, kwa hiyo moshi nao unakaa hapohapo unatembea nao. Unapuliza korosho, mashine inakupuliza wewe. Mimi kichwa kilikuwa kinauma kila siku ya kupuliza na nilijua ni salfa mpaka siku nimetumia mashine hiyohiyo kupuliza dawa ya maji, hakuna salfa hata punje, kichwa kikauma vilevile.

#17 FundiMkuti
#16 umeongea kitu kikubwa sana njomba. Injini za aina hiyo mafuta yanaingia wakati mlango wa kutokea bado uko wazi, kwa hiyo mafuta mengi tu yanapita moja kwa moja mpaka ekzosi hayajaungua, pamoja na oili. Na vijana wanachanganya oili kwa macho, mwingine anaweka oili chafu ya gari aliyoomba gereji. Wanaokuja kuomba nawajua. Nami nawapa.

#18 MwlKemia_Mtama
Hapa sasa tumepata mtuhumiwa wa tatu. Na huyu anaelezea kwanini mlinzi mzima: analala kwenye salfa lakini hajabeba injini.

#19 Kochoko_Mkavu
Au mlinzi halali huko, analala kwa mchepuko 🤣

#20 BodaWaMahuta
Kochoko huyo ni mume wa dada yangu tafadhali.

Ila @Tajiri_wa_Mabibo umenigusa, hata mimi kichwa kinauma nilidhani njaa. Lakini sasa bro wa Fuso hajabeba mashine.

#21 Kusi_Kali
Jamani Lindi tuko hapa tunawasoma. Mnatafuta mchawi na upepo uko mlangoni. Mwezi wa sita mpaka wa tisa huku kwetu ni kusi na baridi na ukavu, barabara za vumbi zinafuka, mapori yanachomwa kila upande watu wanaandaa mashamba na wengine wanawinda panya, jioni ukisimama Mingoyo jua jekundu kama embe kwa sababu ya moshi. Mafua yanatembea. Mikorosho yenyewe inachanua. Kila mtu anakohoa, anayepuliza anasema salfa, anayeendesha anasema dizeli, anayepika anasema kuni. Kila mtu anakilaumu kile anachokishika.

Na jambo lingine, kama ni moshi wa malori basi kikohozi kingekuwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, korosho zinaposombwa toka maghalani kwenda bandarini Mtwara, hapo ndio malori yanakuwa hayahesabiki. Mleta uzi anasema mwezi wa kumi ndio anapona!

#22 FundiMkuti
#21 hiyo hoja imenikaa kooni kama mwiba wa changu. Niacheni niifikirie.

#23 Dereva_wa_Makaa
Mimi naendesha semi ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kushuka bandarini. Siku hizi malori hayasubiri korosho, mwaka mzima tuko barabarani. Turubai likichanika vumbi jeusi linamfuata wa nyuma, nimeona boda anafika Masasi meno tu ndio meupe. Bro wako akiwa njia moja na sisi anavuta yetu pia. Na ndani ya kabati la Fuso moshi unaingia, kama bomba la ekzosi limetoboka chini ya kiti haunuki hata, unazoea. Mwambie akague hilo kwanza kabla hajamlaumu mtu.

#24 Mama_Ntwana
Mmeongea ya wanaume wote mmemruka mama jikoni. Mleta uzi kasema mama yake anakohoa na haendi shamba wala barabarani. Mafiga, kuni mbichi, jiko halina dirisha. Shirika la afya duniani lilikadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu karibu milioni 3.2 mwaka 2020. Hakuna uzi unaofunguliwa kwa sababu hao ni akina mama na watoto wa mgongoni. Mnunulieni mama mtungi wa gesi muone kama kikohozi kitabaki.

#25 Njomba_Sitaki
Gesi!! Usitutoneshe dada. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982, ya Songo Songo 1974, bomba limejengwa toka Madimba mpaka Dar na 2015 likaanza kupeleka, leo nikitaka kupikia naenda dukani nakuta mtungi umetoka Dar umepanda lori la dizeli 😂 na bajaji za gesi nyingi ziko Dar, sisi tuliolala juu yake tunavuta masizi.

#26 MwlKemia_Mtama
Njomba uchungu wako naujua ila kemia yako inachechemea. Ya kwenye mtungi ni propeni na byuteni, ya Mnazi Bay ni metheni, ni ndugu lakini sio mtu mmoja. Metheni haikubali kuwa kimiminika kwa kugandamizwa tu kwenye mtungi wa nyumbani, mpaka uipoze sana, kama nyuzi 160 chini ya sifuri. Kwenye magari wanaishindilia kwa nguvu kubwa kwenye mitungi minene ndio maana buti linaisha.

Ila ni kweli gari la gesi halitoi masizi kama dizeli.

#27 Njomba_Sitaki
Sawa mwalimu, lakini uchungu unabaki palepale.

#28 MzeeWaKitangari
Mnakumbuka petroli ya risasi? Ile tulikuwa tunainyonya kwa mpira mdomoni kuihamisha. Nasikia bado wanaweka kimyakimya.

#29 DadaWaUpanga
Hapana babu, hiyo iliondolewa. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar 2001 na ilipofika mwanzo wa 2006 ilikuwa imetoka. Duniani ya mwisho ilikuwa Aljeria 2021. Iliwekwa toka miaka ya 1920 ili injini isigonge, na kuna daktari wa watoto Marekani, Herbert Needleman, 1979 alitoa utafiti wa meno ya watoto, alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka akapima risasi iliyomo, waliokuwa nayo nyingi walikuwa na alama za chini kwenye vipimo vya akili na darasani hawatulii. Alipigwa vita miaka. Na unajua kilichoanza kuitoa risasi Marekani? Masega ya fundi! Kuanzia magari ya 1975, risasi ilikuwa inaua masega, ikabidi watengeneze petroli isiyo na risasi. Watoto wakapona kidogo kwa ajili ya ekzosi.

#30 FundiMkuti
Kumbe masega yana heshima hivyo. Nitatubu.

#31 Dereva_wa_Makaa
Tatizo vipimo vya watengeneza magari wenyewe ni vya kuonyeshea wageni. 2015 si Volkswagen walikamatwa? Gari zao za dizeli kama milioni 11 zilikuwa na programu inajua sasa nipo kwenye mtihani, inasafisha moshi, ikitoka barabarani inaachia. Na aliyewashtukia sio polisi, ni watu wa chuo kikuu cha West Virginia walioweka vipimo kwenye buti wakaendesha barabarani kawaida kama mimi na wewe.

#32 Kusi_Kali
Ndio maana nasema na nyie pimeni barabarani. Hakuna hata mmoja kwenye huu uzi aliyepima hewa ya Tandahimba, tunabishana kwa pua.

#33 BodaWaMahuta
Kwani nikinunua boda ya umeme tatizo si linaisha?

#34 FundiMkuti
Moshi utaisha, vumbi halitaisha. Breki zinasagika, tairi zinasagika, na barabara ya vumbi haijali una betri au petroli. Wazungu wenyewe kwenye sheria yao mpya ya moshi wa magari, Euro 7, wameanza kuweka kikomo mpaka cha vumbi la breki. Na wewe kupuliza utapuliza kwa mashine gani, ya umeme?

#35 Tajiri_wa_Mabibo
Watu wa utafiti wa kilimo wa Naliendele si wanasema tutumie dawa za maji badala ya unga? Vumbi linapungua.

#36 MzeeWaKitangari
Maji yako wapi? Uwanda wa Makonde huu, ndoo ya maji mwezi wa nane unainunua na unaipigania na mke. Dawa ya maji inataka maji ya kuchanganya kwa kila mkorosho. Unga unafungua mfuko unapuliza. Waliobuni hawakuuliza maji tunatoa wapi. Ndio maana salfa haitatoka huku, sio kwa ubishi wetu.

#37 MwlKemia_Mtama
Mzee hapo umefunga mjadala wa dawa za maji kwa leo.

#38 Mpiga_Mashine_Junior
vp barakoa wadau? mm navaa zle za bluu za hosp naona fresh tu

#39 Sista_wa_Zamu
Hizo za bluu pembeni ziko wazi, vumbi linapita mashavuni. Inayobana uso kama N95 inazuia vumbi vizuri, ila sikia, inazuia vumbi haizuii gesi. Moshi wa injini sehemu yake ya gesi unapita kama haupo. Na ukiwa na ndevu haibani. Ikilowa jasho kupumua inakuwa kazi, vijana wanaishusha kidevuni, nawaona.

#40 Mpiga_Mashine_Junior
sasa ss wenye ndevu tufanyeje dada

#41 Kochoko_Mkavu
Chagua, ndevu au mapafu. Mimi nimechagua mkeka.

#42 DadaWaUpanga
Mleta uzi uliuliza mtu anajuaje kipi ni kipi, sijakujibu. Kwa mtu mmoja ni ngumu sana. Kuna utafiti maarufu wa miji sita ya Marekani uliotoka 1993, walifuata watu zaidi ya 8,000 kwa miaka 14 mpaka 16, ndipo wakaona wa mji mchafu kuliko wote wanakufa zaidi kwa asilimia 26 kuliko wa mji msafi, na hapo wameshaondoa habari za sigara, uzito, elimu, kazi. Kilichofuatana na vifo zaidi ni zile chembe ndogondogo, PM2.5, ukizipanga kama 30 ndio unapata unene wa unywele mmoja. Sasa wewe uko peke yako, una salfa, una injini mgongoni, una Fuso mbele yako, na ukirudi nyumbani una moshi wa mama. Vyote vimekuja mwezi mmoja. Ningekuwa mtafiti ningekuchukia.

#43 Mama_Ntwana
Badilisha kimoja kimoja basi, ndivyo tunavyofanya na chakula kinachomsumbua mtoto.

#44 BodaWaMahuta
Wakuu nimerudi, siku kumi na sita zimepita. Nilifuata ushauri wa Mama Ntwana. Wiki ya kwanza mashine nilimwachia binamu, mimi nikabaki na pikipiki tu. Usiku paka akapungua sauti lakini hakuondoka. Wiki ya pili nikapumzisha na pikipiki, nikakaa nyumbani naparua ming'oko na mama jikoni. Nikakohoa kuliko mwanzo 😂 Mama ananiambia unaona, sio salfa, ni uvivu.

Binamu siku ya tano kaanza kukohoa. Bro kakagua ekzosi kama alivyosema dereva wa makaa, kweli limetoboka chini ya kiti, kachomelea, anasema usingizi barabarani umeisha ila kikohozi kipo. Kadude ka kupuliza nimekapata, mimi asubuhi 380 (lita kwa dakika) jioni 430, shemeji mlinzi kapuliza 560 anatamba mtaa mzima.

#45 Sista_wa_Zamu
380 kwa kijana wa miaka 31 ni ndogo. Endelea kuandika, usiishie wiki mbili, halafu daftari ulipeleke kwa daktari, usiniletee mimi huku. Na jikoni toka.

#46 Tajiri_wa_Mabibo
Ila umesema ulipoacha mashine paka alipungua. Mimi nilishasema.

#47 Kusi_Kali
Na wiki hiyo upepo ulitulia huku pwani na mvua ya manyunyu ilipita, mliangalia hilo?

#48 FundiMkuti
Nimeshafikiria ule mwiba wa #21. Mwezi wa kumi pikipiki yako unabeba nani? Mafundi wa kupuliza au wanunuzi wa korosho? Maana mwezi wa saba unawabeba wenzako wenye nguo zimejaa salfa mgongoni kwako siku nzima. Hata siku ambayo hujapuliza umeipuliza.

#49 BodaWaMahuta
Fundi 😳😳 mbona hilo sikuliwaza. Nabeba wapulizaji na mifuko yao. Mfuko mwingine umetoboka naweka mbele kwenye tenki.

#50 MzeeWaKitangari
Mfuko umetoboka unauzwaje huko? Hapa kwetu ya ruzuku imeisha.